Kuvushwa Mto Usio na Maji

Mama mkwe wangu akifika pale alikuwa anavua kandambili, anazishika mkononi, anapandisha kanga hadi magotini, kisha anavuka mto. Mto wenyewe haukuwa na maji. Palikuwa na mkunjo mrefu wa ardhi uliojaa mpunga, na kinjia kilichokanyagwa na nyayo za watu, basi. Akishafika upande wa pili anashusha kanga, anaikung'uta, anavaa kandambili zake, ndipo ananigeukia mimi niliyeachwa ukingoni na sufuria kichwani.

"Haya, mtoto wa miwa, zunguka. Sisi tunakusubiri hapa."

Nami nazunguka. Nafuata ukingo kuelekea machweo mpaka kule ambako mto wa zamani uliziba kwa mchanga ukawa nchi kavu kama nchi nyingine, napita juu yake bila mtu wa kuniuliza, halafu narudi kwa ukingo wa pili hadi pale pale walipokaa yeye na mume wangu, wamejinyoosha kivulini. Kwa miguu yangu ya wakati ule, iliyokuwa myepesi, ilinichukua karibu saa nzima. Wao walikuwa wamevuka kwa muda wa kupiga chafya. Nilifika nimefura, sisemi na mtu mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya mvua za Elnino, na mimi nilikuwa mke mpya Ifakara. Nilizaliwa huko juu kwenye mashamba ya miwa, katika nyumba za kambi, ambako baba alitoka mkoa mmoja, mama mkoa mwingine, jirani wa kulia anaswali, wa kushoto anaimba kwaya, na sote tunanuka moshi wa miwa inayochomwa. Kambini watu hawazeeki. Kazi ikiisha, nyumba inarudishwa, mnafunga vitu mnaondoka. Nilishuka Ifakara kumfuata shangazi aliyekuwa anauza mitumba, na pale sokoni palikuwa na fundi baiskeli mmoja mpole, mwenye vidole vyeusi vya grisi, aliyeziba pancha yangu akakataa kulipwa. Nikajua pale pale nimekwisha.

Fundi huyo ni mtoto wa bondeni. Kwao wana nyumba mjini kama watu wengine, lakini mvua zikishika wanahamia shambani, ukipita Katindiuka unashuka, unashuka tena, mpaka mahali wanapopaita ng'ambo. Nikauliza, ng'ambo ya nini? Ndipo nikaelezwa habari za mto uliohama.

Mto Kilombero haujui kulala mahali pamoja. Bonde lile limetandazwa kama mkeka kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na maji yakishuka kutoka huko juu hayaoni sababu ya kupita njia ya jana. Mama mkwe alipoletwa kuolewa, akitokea upande wa Mngeta, mto ulikuwa unapita pale pale penye kinjia. Baba mkwe wake alimpakia kwenye mtumbwi, akasimama nyuma na upondo mrefu, akamvusha huku viboko wanakoroma kwenye matete. Baadaye, masika kwa masika, mto ukaanza kula ukingo wa kusini, juu kidogo ya hapo, mchanga ukajaa kwenye mdomo wa mkondo wa zamani, na mwaka mmoja watu walikuta maji yamekwenda zao. Yaliacha madimbwi yenye kambale na mitumbwi iliyolala ubavu. Mto ulihama, watu hawakuhama. Shamba lililokuwa ng'ambo likaendelea kuitwa ng'ambo, ingawa ukiwa hapo mto wenyewe uko mbele yako, mbali, nyuma ya mafunjo.

Desturi nayo haikuwa na habari na mchanga. Zamani za vita, mama mkwe alinisimulia, walipokuwa wanateremka wavamizi kutoka milimani, na baadaye walipokuja askari wa Wajerumani kuchoma maghala, watu wa bonde walikimbilia ng'ambo wakajificha visiwani katikati ya matete. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa kuvukia, na njia ya majini ilijulikana na wenyewe tu: wapi uelekee kushoto, wapi pana shimo, wapi mamba huota jua. Mke akija, mkuu wa nyumba alimvusha yeye mwenyewe na kumwonyesha njia hiyo. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuaminiwa. Asiyevushwa hakuwa na cha kusema hata akikamatwa na adui.

Hayo yote nilielezwa vizuri, nikayaelewa. Nilichokuwa sielewi ni kwa nini mimi nibebe sufuria saa nzima kukwepa mamba waliokufa kabla sijazaliwa.

"Si mnivushe basi," nilimwambia mume wangu.

Alikuwa ameinamia ringi. "Mwambie mama. Baba hayupo, mkuu wa nyumba ni yeye."

Nikamwambia mama. Aliniangalia kwa upole, upole ule unaoudhi, akasema, "Bado."

"Bado nini, mama?"

"Bado tu. Umefika, mwanangu. Kuingia ni jambo jingine."

Sababu niliijua baadaye, na haikutoka kwake. Kaka wa mume wangu alioa kabla yetu, na mke wake alivushwa siku ya harusi yenyewe, kwa vigelegele. Alikaa msimu mmoja wa mavuno. Akamshawishi mumewe wakaenda Dar es Salaam, na huko barua zikakoma. Mama mkwe hakuwahi kulalamika mbele yangu, ila kwa majirani alikuwa anasema kwamba mke yule ameondoka na njia ya ukoo kichwani, kama mtu aliyeondoka na ufunguo. Sasa mimi, mtoto wa kambi, wa watu wanaofunga mizigo kila kiwanda kinapowaambia, angeniamini kwa lipi? Nilipolitambua hilo hasira zangu zilipungua kidogo. Hazikuisha. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa nimeanza kumpenda mama yake, na inachosha kupendana na mtu anayekuacha ukingoni.

Niliwahi kuona wenzangu wakivushwa. Jirani yetu wa shamba aliozesha mwanawe, wakatoa mtumbwi wa babu yao uliopasuka ubavuni, bibi harusi akaketi ndani na mwavuli wake, wanaume wakaunyanyua kiunoni wakaanza kupita nao katikati ya mabua ya mpunga. Mmoja alisimama nyuma akisukuma udongo kwa upondo, jasho linamtoka, uso umekaza kabisa kama anayepigana na mkondo. Wanawake wote wamepandisha kanga. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamwona bibi harusi akishuka upande wa pili, mkwewe akimpangusa miguu iliyokuwa mikavu, nikaacha kucheka. Nilitamani ile miguu iwe yangu.

Cha ajabu ni kwamba wengine walipita pale watakavyo. Miaka ile Wasukuma walikuwa wameanza kuingia bondeni na mifugo yao, makundi marefu yenye vumbi, na wao hawakuvua viatu wala kuuliza. Nilimwuliza mama mkwe mbona hao hawakatazwi. Alitazama ng'ombe wanavyokatiza mto wake, akasema, "Ng'ombe hawana ndoa." Kesi ikafungwa.

Ungeniuliza kwa nini sikubwaga manyanga, ningekuambia panda nami juu ya dungu asubuhi ya mwezi wa nne. Dungu ni kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo, chini maji yapite au nguruwe apite, juu binadamu alale. Mpunga ukianza kutia maziwa tulikuwa tunaishi humo, mimi na mama mkwe, kazi yetu kuamia ndege. Mume wangu alibaki mjini na baiskeli zake, anatuletea chumvi na mafuta ya taa anapopata nafasi. Kutwa nzima tunabandika vibonge vya udongo kwenye ncha ya fimbo na kuvirusha, tunapiga kelele, na shamba la jirani wanapiga kelele, na la mbele yake, sauti inakwenda mpaka inapotelea mafunjoni halafu inarudi imebadilika kuwa ya mtu mwingine. Mchana unasinzia huku unapiga kelele. Mikono inafanya kazi yenyewe, na wewe uko mbali, unaelea.

Lakini asubuhi ndiyo ilikuwa yangu. Kabla jua halijapanda, ukungu ulikuwa unashuka na kujaa kwenye mkondo wa zamani peke yake. Shambani unaona vizuri, ukingoni unaona vizuri, ila mle ndani ya mkunjo mna kitu cheupe kinachotembea polepole, kinapinda pale mto ulipokuwa unapinda, kinapanuka pale ulipokuwa unapanuka. Mto ulikuwa umerudi. Nilikuwa naketi kwenye ngazi na kikombe cha uji nikiuangalia. Yangeyange wanapita juu yake wakiwa chini chini. Sheshe, wale swala wekundu wa bonde letu, wanakuja hadi ukingoni, wanasimama, wananyoosha shingo. Nilijua ni ukungu, shule nilikwenda. Hata hivyo nilikuwa nanyamaza mpaka unayeyuka, na mama mkwe, aliyekuwa anatwanga chini, alikuwa anaacha kutwanga.

Siku moja niliufuata. Hakuna aliyeniona. Nilisimama ukingoni kwa upande wetu, nikatia mguu mmoja kwenye ule weupe. Ulikuwa wa baridi. Nikautoa, nikarudi dunguni kuwasha moto, na sikumwambia mtu.

Ilikuwa msimu wetu wa tatu wa ndege pale homa ilipomshika. Alianza kutetemeka mchana wa jua kali, akajifunika blanketi, akasema ni uchovu. Nikamchemshia mwarobaini, akanywa, akatapika. Kulipopambazuka hakuweza kushika kikombe. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona, na alikuwa anaongea Kindamba na marehemu mume wake, anamgombeza kwa habari ya wavu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga mbili, vile mtoto anavyofungwa, nikashuka naye ngazi kinyumenyume. Alikuwa mwepesi. Mwanamke niliyemwona mkubwa kama mlima alikuwa mifupa na joto.

Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa umejaa tele. Nikasimama.

Nataka nieleweke. Kuzunguka kungekula saa nzima, na saa nzima sikuwa na uhakika nayo. Ningeweza kukatiza tu, nani angeniona? Yeye mwenyewe hakuwa anajua yuko wapi. Lakini alikuwa mgongoni mwangu, na mto ulikuwa wake, na nilijua nikiuvuka kama ng'ombe, akapona, sitaweza kumtazama usoni, na asipopona itakuwa vibaya zaidi. Nilikuwa nimeukasirikia mto ule miaka yote na sasa nilikuwa nimesimama mbele yake kama mtu anayebisha hodi.

"Mama," nikasema. "Tuko mtoni. Mimi sijavushwa."

Pumzi yake ilikuwa inaniunguza shingo.

"Mama."

"Unasimama nini?" akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila siku. "Maji yanapanda."

Nikavua kandambili, nikaingia.

Nilishika kinjia. Hatua chache tu, akanigonga bega. "Kushoto." Kushoto palikuwa na mpunga mtupu, umelowa umande. Nikaenda kushoto. "Tena. Huoni hapo pana shimo?" Nikaenda tena. Umande ulinilowesha mpaka mapajani, kanga ikanikamata miguu, na pande zote hakukuwa na kitu ila weupe unaotembea. "Sasa simama. Mwache apite." Sikuuliza nani. Nilisimama na mama mkwe wangu mgongoni katikati ya mto mpaka huyo aliyekuwa anapita akapita. "Haya. Kulia. Umeshika mchanga?" Nikakanyaga, na chini ya matope kweli palikuwa na mchanga, mgumu, wa baridi. "Nimeushika, mama." "Ufuate huo huo," akasema, kichwa kikaniangukia begani, na hakusema tena.

Upande wa pili, njia ya mjini, tulimkuta mzee wa Kisukuma anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa. Nikamwamkia, nikamwomba. Hakuuliza mengi: aliteremsha madumu yake akayaacha kwenye nyasi, tukamkalisha mama kwenye keria, yeye akashika usukani mimi nikamshika mgonjwa. Tulipokwenda kidogo akanitupia jicho.

"Mama, mbona umelowa hivyo?"

"Tumevuka mto," nikamjibu.

Aligeuka akatazama mpunga tuliotoka, akatazama mbele, akaendelea kusukuma.

Hospitali walimtundikia dripu ya kwinini, na siku zikapita masikio yake yakivuma, akawa anatupigia kelele tukidhani ametukasirikia. Mume wangu alifunga kibanda cha baiskeli akaenda kuamia ndege, na kila alipoleta habari zilikuwa za ndege kushinda. Mimi nililala chini ya kitanda cha wodini. Rangi ilimrudia, akaanza kulaumu uji, nikajua amepona. Kuhusu ile asubuhi hakusema neno. Nami niliogopa kumwuliza. Kama angesema hakumbuki, basi ningekuwa nimebeba kitu ambacho hakuna aliyenipa, na ningeanza tena kuzunguka. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni na kufikiria habari hiyo hiyo, nampa dawa na kufikiria hiyo hiyo.

Siku ya kurudi bondeni tulipanda trekta la watu mpaka mwisho wa barabara, tukamalizia kwa miguu, taratibu, tukipumzika. Mpunga ulikuwa umegeuka rangi. Mume wangu alituona tangu mbali, akaja mpaka ukingo wa pili, fimbo ya udongo mkononi. Mama mkwe akavua kandambili. Mimi nikatua mizigo, nikajipanga upya, nikageukia njia yangu ya machweo.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kuzunguka, mama."

"Si ulipita hapa na mimi mgongoni? Njia yote nilikuonyesha. Mpaka shimo la kiboko."

Alikumbuka. Badala ya kushukuru nikashikwa na kiburi changu cha kambini. "Nilipita kutoka," nikasema. "Sikupita kuingia. Mwenyewe ulisema kuingia ni jambo jingine."

"Jamani!" mume wangu akapaza sauti kule ng'ambo. "Mama, mwache avuke! Mpunga unaliwa!"

"Kaa kimya, hapa pana shauri," mama akamjibu, akaketi chini kwenye nyasi, kandambili mapajani. Alikuwa anatazama ule mkunjo wa mpunga, ananipima kwa maneno yangu mwenyewe, na mimi nilisimama nikijuta ulimi wangu, maana aliyekuwa tayari kunipokea sasa nilikuwa nimempa sababu ya kunikatalia.

"Unachosema ni kweli," akasema mwishowe. "Wake wote wa nyumba hii waliingia kwanza ndipo wakatoka. Mimi niliingia. Hata yule aliyeniondokea aliingia. Wewe umetoka, na kuingia hujaingia." Akaninyoshea kidole. "Sasa niambie, humu ng'ambo waliotoka kabla ya kuingia ni akina nani?"

Nikaanza kuhesabu majirani kwa vidole.

"Ni yule pale." Akamwonyesha mwanawe. "Yeye na wenzake niliowazaa juu ya dungu. Nani aliwavusha kuingia? Mara ya kwanza kuyaona maji haya walikuwa wanatoka, wako mgongoni mwangu, nawapeleka kubatizwa. Mtu atatokaje mahali ambapo hakuingia, kama hakuzaliwa hapo?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Basi nakuambia mimi. Wewe huvushwi, leo wala kesho. Mtoto wa nyumba havushwi."

Kule upande wa pili mume wangu alikuwa ameelewa. "Kwa hiyo mimi nimeoa dada yangu?"

"Hilo ungelifikiria mapema," mama akamjibu, akainuka huku anapangusa nyasi.

Mimi nililia. Nililia kwa sauti, pale ukingoni, mikono kichwani, kama watu wanavyolia msibani. Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba yenye namba mlangoni, na tulipoondoka waliingia watu wengine siku hiyo hiyo, na sikuwa nimewahi kujua kwamba kitu hicho kinauma. Mama mkwe alinisubiri. Hakunishika wala kunibembeleza. Nilipobaki na kwikwi tu, akavua kilemba akanipa nifute uso, kisha akanitazama nikigawa mizigo, ya kwangu huku, ile myepesi ya kwake kule, kama tulivyozoea.

"Unagawa nini?" akasema. "Beba yote. Anayesaidiwa ni mgeni."

Nikaibeba yote.